Barua ya wazi kwa wakubwa wa Moshi: mkitukataza kitu, tuambieni na sababu

Waheshimiwa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa manispaa, madiwani wetu, na nyie wakuu wa idara ambao sisi tunawajua kwa mihuri tu, shikamooni.

Mimi nina steshenari hapa Moshi mjini, karibu karibu na stendi. Natoa kopi, naprinti, napiga pasipoti saizi, nafanya laminesheni, na wasioweza kuandika barua nawachapia. Kwa hiyo nikisema nayajua makaratasi ya mji huu sisemi kwa kujisifu, yanapita mikononi mwangu kutwa nzima, na kila mtu anayetumwa na ofisi zenu "nenda katoe kopi urudi" anaanzia kwangu au kwa jirani yangu. Tena niseme mapema ili mtu asije akadhani natafuta biashara, ninacholalamikia hapa ndio kinaniletea ugali, mkikiondoa mimi naumia mfukoni.

Nisieleweke vibaya, sio kwamba nachukia makatazo. Mimi ni mtu wa Moshi bana, mji wa Moshi wenyewe umesimama kwa makatazo! Ukitupa ganda la muwa barabarani unalimwa faini ya elfu hamsini, na sisi wenyeji hatulalamiki kabisa, tena tunawatishia nayo wageni wanaoshuka na basi kutoka Dar, "asee usitupe hiyo chupa hapa utalia". Tunaringa nayo. Mwaka 2017 mwezi wa tatu mlivyopiga marufuku viroba vya pombe, wauza maduka walinuna wiki mbili tatu ila mzazi yeyote alielewa, mtoto wa sekondari alikuwa ananunua pombe kali kwa chenji ya nauli anaficha kwenye soksi. Juni mosi 2019 mifuko ya plastiki ikaondoka nchi nzima na watu walibadilika haraka kuliko hata nyie mlivyotegemea nadhani, sababu kila mtu alikuwa ameiona ile mifuko imeziba mtaro mbele ya nyumba yake. Ni kweli baadae watu wakaanza kubebea nyanya kwenye vile vifungashio vyepesi vya karanga, Mtanzania haachi kujaribu, lakini sababu yenyewe hakuna aliyeibishia.

Hayo yote matatu yana kitu kimoja, tuliambiwa kwa nini, tukaangalia, tukaona ni kweli. Uhuru wetu ulipungua kidogo na tulikubali kwa akili zetu timamu. Mimi nataka kuongelea yale mengine, ambayo ukiuliza kwa nini unaangaliwa kama umetukana.

Nianze na ya dukani kwangu. Sheria ya usajili na utambuzi wa watu ni ya mwaka 1986, NIDA yenyewe, wale wa vitambulisho vya taifa, ikaundwa 2008, tukapanga foleni, tukapigwa picha, tukachukuliwa alama za vidole, tukapewa namba ya tarakimu 20 ambayo ukiweza kuikariri we ni genius. Baadae tukaambiwa tusajili laini za simu kwa kidole, na Januari 2020 ambao hawajasajili wakaanza kuzimiwa. Tulikubali pia, maana sababu ilitolewa na ilikuwa nzuri, kwamba sasa serikali itamjua mtu bila kubabaisha na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wataisha. (Hawajaisha, ila hiyo tuiache.)

Sasa niambieni, kama serikali inanijua mpaka mistari ya kidole gumba, kwa nini nikienda ofisini naambiwa nilete kopi ya kitambulisho pande zote mbili, barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa, pasipoti saizi tatu zenye bluu nyuma, na kopi ipigwe mhuri wa wakili? Mwenyekiti wa mtaa wangu mimi ananijua kweli, lakini mwenyekiti wa mtaa wa mpangaji aliyehamia mwezi uliopita anamjuaje? Anamjua kwa kuangalia kitambulisho cha NIDA! Yani kitambulisho kinathibitisha barua, halafu barua inaenda kuthibitisha kitambulisho.

Kuna mama mmoja mtu mzima aliwahi kushuka kutoka Kibosho, anafuatilia mafao ya marehemu mume wake kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Kitambulisho amekifunga kwenye leso, leso imefungwa kwenye pindo la kanga, vyeti viko kwenye bahasha ya kaki iliyolegea kwa kukunjwa. Kitambulisho kinasema Aikaeli, cheti cha ndoa kinasema Aikael. Herufi moja. Nyie mnaotoka huku mnajua haya majina yetu yalivyoandikwa, padri aliandika alivyosikia, mwalimu akaandika alivyosikia, karani wa kata nae akaandika anavyojua yeye. Ofisini wakamwambia majina hayafanani, leta kiapo. Akaja kwangu kuchapiwa, akaenda kwa wakili akalipa, wakili hajawahi kumuona maishani mwake akasaini kwamba Aikaeli na Aikael ni mtu mmoja, mama akarudi ofisini mchana akaambiwa mhusika ametoka, njoo kesho. Nauli ya kurudi Kibosho alishaimaliza kwa wakili.

Yule afisa mimi simlaumu, hilo niliseme wazi. Taratibu inamwambia majina yafanane, na akipitisha hela ikaenda kwa tapeli ni yeye atakayefukuzwa kazi. Ukikaa kwenye kiti chake, ndani ya kile chumba, alichofanya kina akili kabisa. Shida ni kwamba kila chumba kina akili yake na hakuna mwenye kazi ya kuangalia vyumba vyote kwa pamoja. Lengo la mlolongo wote ule lilikuwa kujua kama huyu mama ndiye huyu mama. Kidole chake kingejibu hilo swali kwa dakika moja, ila karatasi ya mtu asiyemfahamu ikaaminika kuliko kidole chake mwenyewe.

Kuna msomi wa Kijerumani, Max Weber, alifariki 1920, yeye aliliona hili jambo mapema. Alisema dunia ya kisasa inaendeshwa kwa kanuni, mafaili na mahesabu badala ya matakwa ya mfalme, na kwamba hiyo ni hatua kubwa maana wote mnapimwa kwa kipimo kimoja, ila akaonya kwamba kanuni hizo hizo zinaweza kumfungia binadamu ndani na funguo asijue iko kwa nani. Sisi tulizijua kanuni hizo kwa upande wa kupokea, maana miaka ile anawaza hayo wenzake walikuwa huku kwetu wanakusanya kodi, boma la Arusha walilijenga 1900, na mwaka huo huo wa 1900 mwezi wa tatu walimnyonga Mangi Meli, chifu wetu, hapa Old Moshi. Walikuwa na kumbukumbu nzuri sana za mafaili. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ofisi ikiwa na utaratibu basi tayari ina haki.

Na yale mabango ya milangoni. Mnayajua, picha ya kaptula imekatwa mstari mwekundu, kandambili imekatwa mstari, kimini, suruali ya kuchanika, kofia. Nimeyaprinti mengi tu. Siku moja kijana pota, amemaliza kushusha mizigo ya wageni mlimani, ana siku moja tu kabla hajapanda tena, akaenda ofisi moja kufuatilia karatasi yake, mlinzi akamrudisha kwa sababu ya kaptula. Akaja kwangu kuazima suruali! Mimi ninauza kalamu na bahasha jamani. Nikamuuliza mlinzi, tena kwa heshima, kaptula inazuia nini kwenye kutafuta faili? Akanijibu ndio utaratibu mzee. Nakubali mtumishi avae vizuri, huyo yuko kazini. Lakini yule kijana hajaja kazini, amekuja kuhudumiwa kwa kodi yake, na mama muuza ndizi mwenye kandambili pia kodi yake iko humo. Hapo aliyelindwa ni nani, na amelindwa dhidi ya nini? Kama mna jibu andikeni chini ya hizo picha, mimi nitaongeza mstari bila kuchaji.

Barabarani nako. Sheria ya kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ni sheria nzuri na naitetea popote, gari likitoka 50 likafika 80 nguvu ya kugonga inazidi mara mbili na nusu, mtoto wa shule anayevuka barabara kuu ya Arusha hana namna ya kupona. Sasa kama lengo ni magari yapunguze mwendo, si trafiki asimame mahali anapoonekana? Dereva akiona tu nguo nyeupe anapunguza, hata ambaye alikuwa hakimbii anapunguza. Lakini mwenye tochi ya kupima mwendo anakaa nyuma ya mgomba, gari linapita kwa 80 mbele ya shule, linapigwa picha, linasimamishwa huko mbele, elfu thelathini. Hela imepatikana, na gari la 80 lilishapita mbele ya mtoto. Mkiwa mnataka hela semeni mnataka hela tutabishana kuhusu hela. Mkisema usalama, basi tochi ikae mahali itakapoleta usalama.

Sipendi kulalamika tu, kuna wakati serikali yenyewe ilirudi nyuma ikafikiria upya. Mabasi ya usiku. Yalikatazwa tangu miaka ya tisini, kwa sababu ya ajali na majambazi, na kipindi kile ilikuwa na maana, barabara zilikuwa mbovu na mabasi yalikuwa yanatekwa kweli. Miaka ikaenda, lami ikawekwa, simu zikaja, vifaa vya kufuatilia mwendo vikafungwa kwenye mabasi, katazo bado lipo. Matokeo yake mabasi yote ya kwenda Dar yanatoka alfajiri kwa pamoja kama yanaenda vitani, yanafukuzana yawahi kabla giza halijaingia, ajali tuliyoikimbia usiku tukaikuta asubuhi. Mpaka 2023 ndio likaondolewa. Watoto waliozaliwa chini ya lile katazo walishaoa na kuzaa! Na sio kwamba kuna mtu alikuwa anafaidika nalo, ni kwamba hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza, hivi ile sababu bado iko hai? Sheria inapewa tarehe ya kuanza, tarehe ya kukaguliwa haipewi.

Najua mkiandikiwa barua kama hii mtasema Katiba inaruhusu. Kweli inaruhusu. Haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba ya 1977 kwa mabadiliko ya 1984, na humo humo ibara ya 30 inasema haki za mtu mmoja zisiingilie za wengine wala maslahi ya umma. Hiyo "maslahi ya umma" ndio imekuwa jibu la kila kitu, ukifungiwa kibanda ni maslahi ya umma, ukizuiwa kupiga picha daraja ni maslahi ya umma. Lakini Mahakama ya Rufani ikiwa hapo Arusha mwaka 1993, kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilishasema kutaja maslahi ya umma peke yake hakutoshi. Kesi ilihusu sheria iliyokuwa inataka uombe ridhaa ya serikali kwanza ndio uishtaki serikali, yani unamuomba mtu ruhusa ya kumpeleka mahakamani. Majaji wakasema sheria inayobana haki lazima ipite mitihani miwili, kwanza isimpe mtu mamlaka ya kuamua anavyotaka yeye bila kinga kwa raia, pili isibane kupita kile kinachohitajika kufikia lengo. Ile ya ridhaa ilifeli, ikatupwa. Walioshtaki walikuwa wananchi wa huku huku kwetu, sio wa Ulaya, na hoja waliyoshinda nayo ni hii hii ninayoiandika mimi kwa maneno ya dukani.

Hata ile mamlaka yenu kubwa kabisa, waheshimiwa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, ya kuagiza mtu akamatwe mpaka saa 48, isomeni tena. Sheria ya tawala za mikoa ya 1997 haikuwapa muitumie mkiudhika. Ni kwa mtu anayehatarisha amani, na inawataka muandike sababu za kumkamata na huyo mtu afikishwe kwa hakimu. Sababu, kwa maandishi! Ukimuweka mtumishi ndani kwa kuchelewa kikao hiyo karatasi ya sababu utaandika nini? Kama hata kwenye jambo zito hivo Bunge lilitaka sababu iandikwe, kwenye katazo la kaptula inashindikana vipi?

Kuna mkubwa mmoja, nae simtaji, aliwahi kuniambia tukianza kueleza kila kitu hatutafanya kazi, wananchi wenyewe hawaelewi. Hapo nilicheka mzee wangu, samahani. Hao wananchi wasioelewa babu zao walichimba mifereji ya kushusha maji kutoka msituni mpaka kwenye vihamba, yani mashamba yetu ya nyumbani, bila injinia, wakaweka kanuni kali kuliko zenu: zamu yako ya maji ni asubuhi, huruhusiwi kufungulia usiku, siku ya kuzibua mfereji usipotokea unalipa faini, zamani ilikuwa pombe. Mfereji unapita shambani kwako na huna ruhusa ya kuugusa, maji yanaenda kwa mwenzako chini. Kama kuna katazo kwenye uhuru wa mtu ndio hilo, unaangalia maji yanapita migomba yako inanyauka! Na watu wanatii, maana kanuni waliziweka wenyewe wamekaa chini kwenye majani, wanaijua sababu, na aliyeonewa anajua mzee wa mfereji anakaa nyumba gani. Yule mama wa Kimarekani Elinor Ostrom alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha jambo hilo kwenye maji, misitu na uvuvi wa nchi nyingi, kwamba watumiaji wenyewe wakishiriki kutunga kanuni mara nyingi wanaitunza mali ya pamoja bila askari wa kuwachunga. Bibi yangu hakupewa chochote ila alikuwa anajua.

Hao hao ndio waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe kwenye ule ukanda wa nusu maili wa msitu wa Kilimanjaro uliotengwa 1941, halafu msitu ulivyoingizwa kwenye hifadhi ya taifa 2005 wakajikuta wanafukuzwa walikozoea. Sababu ya kulinda msitu ipo, ni nzuri, msitu ukiisha na mfereji umekauka, wao wanalijua hilo kabla ya mtu yeyote. Ila kati ya kuambiwa "kaeni tupange mtakata wapi na siku gani" na kukimbizwa na askari ukiwa na mzigo wa majani kichwani, kuna tofauti kubwa sana hata kama msitu unaolindwa ni ule ule.

Sasa ombi, sio mengi. Kila bango la katazo linalobandikwa mjini hapa na kwenye ofisi zenu liwe na mistari mitatu chini: sababu yake, sheria ndogo inayolihusu, na mwaka litakaokaguliwa upya. Mkikaa kuandika ule mstari wa kwanza mkakosa cha kuandika, msilibandike. Na kwenye mapokezi wekeni kile kidude cha kidole, ofisi isimdai mtu karatasi ya kitu ambacho serikali tayari inacho kwenye kompyuta. Hilo la pili litaniua mimi kibiashara, najua, nitahamia kwenye kuprinti tisheti za harusi.

Na sheria ndogo za manispaa, madiwani wetu, sheria ya serikali za mitaa mijini ya 1982 inataka wakazi wapewe taarifa na nafasi ya kutoa pingamizi kabla hazijapitishwa. Huwa mnabandika kwenye ubao wa manispaa, ndani ya geti, mwenye kaptula hafiki. Rasimu ya mwakani nileteeni mimi nakala moja tu, nitatoa kopi kwa hela yangu nibandike stendi, soko la Mbuyuni na Kiborloni, Kiswahili cha kawaida, herufi kubwa. Mkutano wa maoni msiuweke Jumatano asubuhi kama kawaida yenu, wekeni Jumapili mchana watu wakitoka kanisani, na mwenye kandambili aruhusiwe kuingia.